Kioo cha Kuzungusha au cha Umeme: Kabla ya Kubadilisha, Tufungue Mlango Kwanza

Mwishoni mwa masika alifika karakanani kwetu, hapa Tabata, mama mmoja mwalimu akiwa na gari dogo la milango minne ambalo kioo cha mlango wake wa nyuma kushoto kilikuwa kimeshikiliwa kwa selotepu. Katika muda wa miezi minane alikuwa amebadilishiwa mota ya kioo hicho mara mbili kwenye gereji nyingine, na mara zote mbili kioo kilifanya kazi kwa wiki chache, kikaanza kupanda kwa shida, kisha siku moja kikazama ndani ya mlango na kisirudi tena. Hakuja kununua mota ya tatu. "Fundi, mimi na huu umeme tumeshindwana," alituambia. "Ning'olee mtambo wote, uniwekee wa kuzungusha kwa mkono kama wa gari la marehemu baba. Lile alikaa nalo miaka ishirini na vioo havikumsumbua hata siku moja."

Ombi kama hilo tunalipokea mara kwa mara, na ombi la upande wa pili tunalipokea pia: mwenye pikapu ya kazi, aliyechoka kuinama hadi kiti cha abiria kila anapotaka kufunga dirisha la upande ule, anatuuliza kama tunaweza kumwekea mota. Kwa kuwa maswali haya mawili huletwa na watu waliokwisha kutumia fedha nyingi kabla ya kufika kwetu, tumeona ni haki kueleza kwa maandishi tunachokiona kila siku tunapofungua milango. Jibu letu ni kwamba katika magari mengi tunayoletewa, kilichoharibu dirisha si umeme, na kuuondoa umeme hakutaponya kitu. Kilichoharibu dirisha ni mpira unaokishika kioo pembeni, ule ambao hakuna anayeuangalia mpaka uharibike kabisa.

Kioo cha mlango wa mbele wa gari dogo kina uzito wa kilo 3 hadi 4 hivi. Kazi ya mashine ya kioo, iwe ya mkono au ya umeme, ni kuuinua uzito huo bila kuuyumbisha na kuushikilia pale ulipoachwa hata gari linapopita kwenye matuta na mashimo. Kwenye mashine ya mkono, unapozungusha kishikio unazungusha gia ndogo, nayo gia husukuma bamba la chuma lenye meno, lililokatwa mfano wa kipande cha chungwa. Bamba hilo limeungwa na mikono miwili ya chuma inayopishana kama mkasi, na ncha za mikono hiyo huteleza ndani ya reli iliyofungwa chini ya kioo. Springi moja kubwa iliyoviringishwa husaidia kubeba uzito kioo kinapopanda, na ndiyo sababu hata mtoto anaweza kukizungusha. Iko na springi nyingine ndogo ambayo wenye magari wengi hawaijui: hulegea pale wewe unapozungusha kishikio, lakini hukaza pale uzito wa kioo unapojaribu kukirudisha kishikio nyuma. Springi hii ikichoka, utakiacha kioo juu ukiwa Ubungo na ukifika Mbezi utakikuta kimeshuka vidole vitatu bila kuguswa na mtu.

Sifa ya mashine hii ni uchache wa vitu vyake. Haina waya, haina fyuzi, haihitaji betri, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kuielewa kwa kuitazama. Land Cruiser za familia ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambazo huku kwetu ndizo farasi wa kazi wa mbuga za wanyama, migodi na hospitali za mikoani, zimeuzwa kwa miaka mingi zikiwa na vioo vya kuzungusha, na wanaozitumia hawakuziona zimepungukiwa. Hata hivyo si kweli kwamba mashine ya mkono haiharibiki. Meno ya plastiki yaliyo ndani ya kishikio huliwa, kishikio kikabaki kinazunguka bure. Ribiti za ile mikono ya mkasi hupata mchezo, kioo kikaanza kupanda kimeinama upande. Na kutu la mvua na chumvi ya bahari hukaza kila kitu hadi mtu atumie nguvu, na akitumia nguvu hukivunja. Gari la marehemu baba wa yule mwalimu halikusumbua kwa sababu, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, mzee alikuwa akilifuta mipira ya madirisha kila Jumapili kwa kitambaa chenye maji.

Kwa wanaopenda kufanya kazi hii nyumbani, tuseme jambo moja dogo kuhusu kishikio, kwa sababu tumeona milango mingi iliyochubuliwa kwa bisibisi. Katika magari mengi kishikio hushikwa na klipu ya waya yenye umbo la herufi C, iliyojificha kati ya kishikio na kava la mlango. Chukua kitambaa chembamba, kipitishe nyuma ya kishikio kwa upande wa chini, kisha kivute huku na huko kama mtu anayeng'arisha kiatu, ukipanda nacho taratibu. Uzi wa kitambaa utainasa klipu na kuitoa. Weka kiganja chako karibu, kwa maana hutoka kwa kuruka, na ikiingia chini ya kiti utaitafuta nusu saa nzima.

Sasa tuje kwenye umeme. Madirisha yanayopandishwa kwa nguvu ya mtambo si jambo geni: kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa imeyaweka kwenye magari yake ya kifahari tangu mwaka 1940, wakati huo yakiendeshwa kwa shinikizo la mafuta. Yale tuliyo nayo leo ni rahisi zaidi. Ndani ya mlango kuna mota ndogo ya volti 12. Umeme ukipita upande mmoja mota huzunguka kupandisha, na swichi ikiugeuza umeme upite upande wa pili, mota hiyo hiyo huzunguka kushusha. Mota huzungusha gia yenye umbo la parafujo, na uzuri wa gia ya namna hii ni kwamba mota inaweza kuisukuma gia kubwa lakini gia kubwa haiwezi kuirudisha mota, na kwa hiyo kioo hujifunga chenyewe pale kilipoachwa. Kutoka hapo, baadhi ya magari hutumia mikono ile ile ya mkasi, na mengine, hasa madogo, hutumia kebo nyembamba ya chuma iliyozungushwa kwenye roda na kupita kwenye makapi ya plastiki, yaani magurudumu madogo yanayoiongoza kebo, yaliyo juu na chini ya reli. Kioo hufungwa kwenye kipande kinachovutwa na kebo hiyo.

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie nasi kidogo, kwa kuwa kuna jambo ambalo likieleweka, nusu ya fedha zinazopotea kwenye madirisha itaokoka. Kioo hakisimami hewani. Pande zake mbili hupita ndani ya mifereji ya mpira iliyowekwa kitambaa laini kama mahameli, na sehemu kinapoingilia mlangoni hubanwa na mipira miwili myembamba inayokifuta maji. Gari likiwa jipya, kioo huteleza ndani ya mifereji hiyo kama kisu kwenye siagi. Miaka kumi na mitano baadaye, mahameli yamekwisha, jua limeukausha mpira hadi umepasuka, na vumbi la barabara limejaa ndani yake na kushikana na unyevu hadi likawa kama msasa. Mwenye gari la kuzungusha huligundua tatizo hili kwa mkono wake: kishikio kinakuwa kizito, naye anajua kuna jambo. Mwenye gari la umeme hana habari. Anabonyeza kitufe kile kile kwa kidole kile kile, na mateso yote anayabeba mota. Mota inavuta umeme mwingi zaidi, inapata joto, kebo inakazwa kupita kiasi, kapi la plastiki linapasuka, na siku kioo kinapozama mwenye gari anasema umeme umemtupa.

Tofauti kubwa ya mifumo hii miwili, kwa maoni yetu, iko hapo. Kioo cha mkono kinakulalamikia wewe, na kioo cha umeme kinavumilia kimya hadi kivunjike.

Tulipofungua mlango wa yule mwalimu tulikuta mota ikiwa nzima. Kebo ilikuwa imetoka kwenye kapi la juu, na kapi lenyewe lilikuwa limekatika ukingo. Mpira wa mfereji wa nyuma ulikuwa umejikunja ndani ya njia ya kioo, karibu sentimita kumi kutoka juu, na palipojikunja palikuwa na mchanga mweusi uliogandamana. Kila kioo kilipofika pale kilikwama, mota ikaendelea kuvuta, na kitu dhaifu kuliko vyote katika mnyororo ule kikakatika. Mafundi waliotangulia walibadilisha mota pamoja na reli yake, jambo ambalo liliondoa kapi lililovunjika na kuleta kapi zima, lakini hawakuugusa mpira. Kapi jipya lilikwenda kufa pale pale lilipofia la zamani.

Namna ya kuujua ugonjwa kabla ya kuja kwetu

Masikio yako ni kipimo kizuri. Ukibonyeza swichi ukasikia mota ikizunguka ndani ya mlango lakini kioo hakisogei, mota yako ni nzima na usikubali kuuziwa nyingine kwa sababu hiyo peke yake. Kilichokatika ni kebo, kapi, meno ya gia, au kile kipande kinachoshika kioo. Ukisikia mlio wa kukwaruza kama mtu anayesaga mchele mbichi, nyuzi za kebo zimeanza kuchanika na kujisokota kwenye roda, na hapo una siku chache tu. Usiendelee kubonyeza. Pandisha kioo hadi juu kwa kukisaidia kwa viganja viwili, mmoja ndani na mmoja nje, kisha kiache hapo mpaka utakapopata fundi.

Kukiwa kimya kabisa, mambo ni mengi zaidi na yanataka utaratibu. Kwanza angalia kitufe cha kufunga madirisha kwenye mlango wa dereva, kwa kuwa hatupitishi mwezi bila kuletewa gari ambalo kasoro yake ni kwamba mtu alikibonyeza bila kujua. Kisha usiku, au mahali penye kivuli, washa taa ya ndani ya gari na ubonyeze swichi ya kioo kibovu huku ukiitazama taa hiyo. Taa ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota na mota imekwama. Taa isipobadilika hata chembe, umeme haufiki. Jaribu swichi ya dereva, halafu swichi iliyo kwenye mlango wenyewe. Kioo kikiitika kwa ile ya mlangoni na kukataa ile ya dereva, shida iko kwenye swichi kuu. Kikizikataa zote mbili, usikimbilie kusema mota imekufa, kwa sababu katika magari mengi ya Japani umeme wa kioo cha abiria hupitia kwanza kwenye swichi kuu ya dereva, na swichi hiyo ikichakaa inaweza kukiua kioo cha mlango usiohusika nayo kwa macho.

Sehemu nyingine inayosahauliwa ni ule mpira wa mviringo ulio kati ya mlango na mwili wa gari, unaopitisha nyaya. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zile hukunjwa, na kila unapofungwa hunyooshwa. Baada ya miaka mingi waya mmoja hukatika ndani ya ganda lake, kwa nje ukionekana mzima. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kioo hufanya kazi mlango ukiwa wazi na hukataa ukifungwa, au kinyume chake. Ni kazi ya kuunga waya kwa utulivu, wala haihitaji spea yoyote ghali, lakini tumewahi kuletewa gari ambalo limekwisha kununuliwa swichi mpya, mota na rilei kwa ajili ya waya mmoja wa namna hiyo.

Kioo kinachopanda polepole lakini kinashuka vizuri, mara nyingi ni msuguano wa mipira. Kinachokwenda polepole pande zote mbili, pima umeme: betri peke yake hutoa volti 12 na kitu, na injini ikiwa inanguruma mfumo hufika karibu na 14, kwa hiyo kama kioo kinachangamka injini inapowashwa, angalia betri na viunganishi kabla ya kulaumu mlango.

Wapo wanaotuletea kioo kinachofika juu kisha kinarudi chini chenyewe, nao huwa na hofu kwamba gari limeingiwa na shetani. Hiyo ni kinga. Gari limehisi kizuizi njiani na kudhani ni mkono wa mtu. Sababu inaweza kuwa mpira mzito tuliokwisha kuueleza, au betri ilitolewa na kurudishwa na mfumo ukasahau mahali kioo kinapoishia. Katika magari mengi yenye kitufe cha kupandisha kwa mguso mmoja, huweza kukumbushwa kwa kushusha kioo hadi mwisho, kukipandisha hadi kifunge, kisha kuendelea kuishikilia swichi kwa sekunde kadhaa bila kuiachia. Kwenye baadhi ya magari taa ya swichi huwakawaka mpaka hilo lifanyike. Kila modeli ina utaratibu wake kidogo, lakini jaribio hili halidhuru kitu na halina gharama.

Usipulize mafuta kwenye swichi

Jambo hili tunalisema kwa msisitizo. Mwezi Oktoba 2012 kampuni ya Toyota iliyaita magari yapatayo milioni 7.43 duniani kote, yakiwemo Corolla, Camry, RAV4 na Yaris, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Vitz, ili yakaguliwe swichi kuu ya madirisha iliyo kwenye mlango wa dereva. Grisi ya ndani ya swichi hizo haikuwa imepakwa sawasawa, na swichi ikawa inakwama inapobonyezwa. Kampuni yenyewe ilionya kwamba mtu akijaribu kuilainisha kwa vilainishi vya kawaida vinavyouzwa madukani, swichi ingeweza kuyeyuka au kutoa moshi. Magari ya miaka hiyo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu leo. Nasi bado tunakutana na swichi zilizopulizwa mafuta ya kutolea kutu, zikiwa zimeshika vumbi ndani hadi viunganishi vyake vimeungua na plastiki imegeuka rangi. Swichi ikikwama, ifunguliwe, isafishwe kwa kimiminika cha kusafishia vifaa vya umeme kinachokauka, na kama imeungua ibadilishwe.

Kwa sababu iyo hiyo tunakataa kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku, hata mteja akisema ana haraka. Fyuzi ya madirisha kwa kawaida ni ya ampea 20 au 30. Inapokatika kila wiki, inakuambia kuna mota inayoteseka au waya uliochubuka unaogusa bodi. Ukiinyamazisha kwa fyuzi kubwa, kitakachokatika badala yake ni waya, na waya haukatiki bila moto.

Mipira, kwa upande mwingine, inataka kulainishwa, ila si kwa oili ya injini wala grisi. Oili huuvimbisha mpira na grisi hukusanya vumbi. Shusha kioo, funga kitambaa chenye maji kwenye mpini wa kijiko cha mbao, kipitishe ndani ya mfereji juu na chini hadi kitoke kisafi, uache ukauke, kisha upulize silikoni kidogo. Kwa anayeishi Dar es Salaam, mara mbili kwa mwaka zinatosha, moja ikiwa kabla ya masika. Anayeendesha kwenye vumbi la Shinyanga au Dodoma afanye kila baada ya miezi mitatu. Kazi hii haizidi robo saa kwa kila mlango, na inafaa kwa vioo vya aina zote mbili.

Watoto na maji

Kuna masuala mawili ambayo yanapita ubishi wa gharama. La kwanza ni watoto. Kanuni za kimataifa na zile za Marekani zinataka dirisha lenye kujifunga kwa mguso mmoja lirudi nyuma kabla ya kumbana mtu kwa nguvu inayozidi nyutoni 100, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 10 hivi. Katika magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, kinga hiyo ipo kwenye dirisha la dereva pekee, na yale mengine matatu yatafunga bila kujali kilichopo njiani. Mtoto aliyesimama kwenye kiti cha nyuma akichungulia nje anaweza kuikanyaga swichi kwa goti. Mwenye watoto na aweke kitufe cha kufunga madirisha katika hali ya kufunga wakati wote, na asishuke akaacha ufunguo kwenye gari hata kama anakwenda dukani dakika moja. Akiwa na gari la kuzungusha, hofu hii hana, na tunakiri kwamba hiyo ni hoja nzito upande wa mkono.

La pili ni maji. Kila masika barabara ya Morogoro pale Jangwani hujaa, na kila mara wateja hutuuliza kama madirisha ya umeme yatawafungia ndani. Gari likiingia kwenye maji, madirisha ya umeme kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi, na dakika ya kwanza ndiyo yenye thamani: fungua mkanda, shusha kioo mara moja, toka. Usianze na mlango, kwa sababu maji ya nje yanausukuma nawe huyawezi. Kioo cha mlango katika magari mengi ni kioo kigumu kinachosambaratika vipande vidogo kikigongwa kwa ncha ya chuma karibu na kona, kwa hiyo nyundo ndogo ya dharura iliyo karibu na mkono ni kitu cha maana. Lakini baadhi ya magari mapya yana vioo vya tabaka kama cha mbele, ambavyo havivunjiki kwa nyundo hiyo, na ni vyema kusoma alama iliyo kwenye kona ya kioo ili ujue una kipi. Kishikio cha mkono hapa kina faida ya kweli, nayo ni kwamba hakitegemei betri iliyozama.

Je, tubadilishe?

Kutoka umeme kwenda mkono, mara nyingi tunashauri hapana. Mashine ya mkono lazima itoke kwenye gari la modeli hiyo hiyo lililotengenezwa hivyo kiwandani, pamoja na kava la mlango lenye tundu la kishikio, na kwa modeli nyingi zinazopendwa hapa nchini vitu hivyo havipatikani Kariakoo wala Ilala kwa kuwa havikutengenezwa kabisa. Wanaoahidi kubuni huishia kukishikilia kioo kwa kabari ya mbao. Mwenye gari aliyeibiwa swichi za pawa windo mara mbili na vibaka ana uchungu tunaouelewa, na huyo ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba anataka mkono. Hata kwake, kufunga swichi kwa vibano vinavyohitaji kufungua kava zima hugharimu kidogo kuliko kubadilisha milango minne.

Kutoka mkono kwenda umeme inawezekana na tunaifanya, kwa pikapu na magari ya mizigo hasa upande wa abiria, lakini kwa masharti. Mipira ibadilishwe kwanza, kwa kuwa mota za kuongezea zinazouzwa madukani hazina nguvu ya kupambana na msasa. Waya mpya upite kwenye tundu lenye mpira wake, usikatwe na bati. Kuwe na fyuzi yake peke yake. Na ile nailoni iliyo nyuma ya kava irudishwe na kubandikwa vizuri. Hii si pambo, ndiyo inayoyaelekeza maji ya mvua yashuke ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ikitupwa, maji huingia kwenye zulia. Matundu ya chini yakizibwa na tope, maji husimama mlangoni, na mota, iwe mpya au ya kuongezea, huoza ndani ya masika moja.

Yule mwalimu hatukumwekea mkono. Tulibadilisha mpira wa mfereji wa nyuma, tukaweka reli yenye makapi mapya, na mota tukarudisha ile ile aliyokuja nayo. Tulimwita asimame karibu na mlango kabla hatujafunga kava ili aone kioo kikipanda, kisha tukamwonyesha kipande cha mpira tulichokitoa, ambacho alikichukua akakiweka kwenye mkoba wake.

Atakayekuja kwetu tunamwomba alete spea ya zamani iliyotolewa, hata kama imevunjika, pamoja na namba ya chasisi, kwa sababu reli ya kushoto haiingii kulia na makapi ya miaka tofauti ya modeli moja hutofautiana. Kupima hatutozi pale mteja anapotuachia kazi. Mlango mmoja huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, na kiti cha kukalia kipo pembeni ya gari, si ofisini, ili mwenye gari aone kinachotoka ndani ya mlango wake.